Kambili, Umu, Kongowea au Rosa: riwaya ipi umpe kijana aliyelemewa?

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni alinikuta nimeketi kwenye daka la nyumba yetu baada ya sala ya alasiri, akaniambia kwamba binti yake wa kidato cha pili ameacha kusema. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akila kidogo, akifanya kazi zake za nyumbani, akienda shule na kurudi, lakini akiulizwa neno alijibu kwa kichwa tu. Mama alitaka kitabu. "Nipe chenye mawaidha, mwalimu," alisema, "asome ajue kwamba duniani kuna wenye shida kuliko zake." Nilimwelewa, kwa sababu hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa kukitazama kitabu: ni mzee wa pili ndani ya nyumba, na kazi yake ni kuonya. Hata hivyo sikuwahi kumwona mtoto aliyelemewa akapumua kwa kuonyeshwa kwamba mzigo wa mwenziwe ni mkubwa zaidi. Mara nyingi huona haya kwa kulemewa na kidogo, akazidi kujifunga.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaazima riwaya wanafunzi wa sekondari hapa Lamu kila Jumamosi, wasichana wakija mchana na wavulana wakija jioni baada ya mpira. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wazazi, walimu, na kaka au dada wakubwa wanaotaka kumpa kijana kitabu na hawajui waanzie wapi. Nitawalinganisha wahusika vijana wa riwaya chache ninazozijua vizuri, na kwa kila mmoja nitauliza mambo matatu: anafanya nini msongo unapomzidi, kuna nani anayemsikiliza, na mwandishi anampa muda kiasi gani kabla ya kumfikisha mwisho. Masuala ya mbinu za lugha na maudhui nayaacha darasani yanakohitajika kwa mtihani.

Sisi watu wa visiwa hivi tuna mapokeo makubwa ya kumwandikia kijana. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa kumfunza dini, adabu na namna ya kuishi na mume, akijua kwamba ugonjwa unaweza kumchukua kabla hajayasema yote. Wosia ule una heshima yake, na bado unasomwa. Lakini ndani yake mama ndiye anayesema, nasi hatumsikii Mwana Hashima akijibu. Riwaya huugeuza mkao huo, kwa kuwa humo kijana ndiye anayesema na mtu mzima ndiye anayelazimika kukaa kimya mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa sababu hiyo nasema kwamba anayetaka mawaidha asitafute riwaya. Atafute utendi, au aseme mwenyewe.

Nianze na ukimya, kwa kuwa ndio uliomleta yule mama. Mhusika anayeubeba ukimya kuliko wote ninaowajua ni Kambili, msichana wa miaka 15 katika Purple Hibiscus, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria iliyotoka mwaka 2003. Baba yake, Eugene, ni tajiri wa mji wa Enugu, mcha Mungu anayeheshimiwa na kila mtu, anayewasaidia maskini na kuutetea ukweli katika gazeti lake. Huyo huyo ndiye anayempiga mke wake na watoto wake ndani ya nyumba. Amewaandikia watoto ratiba ya kila saa ya siku: saa ya kusoma, saa ya kulala, saa ya kukaa na jamaa. Kambili hapigi kelele wala hatoroki. Maneno humkwama kooni, na akijaribu kusema shuleni sauti hutoka kama mnong'ono au haitoki kabisa, hata wenzake wakadhani anaringa. Nimewauliza wasichana wengi ni sehemu gani ya kitabu iliyowashika, nao hawautaji ugomvi mkubwa. Wanamtaja mama yake Kambili, ambaye kila baada ya kupigwa hushuka akavipangusa vile vinyago vidogo vya wacheza dansi vilivyo kwenye rafu, kimoja kimoja, kwa kitambaa, bila kusema neno. Msichana mmoja alifunga kitabu hapo akasema kwamba kwao ni vikombe.

Kinachoifaa riwaya hii kwa mtoto aliyenyamaza ni kwamba haimlaumu kwa kunyamaza. Kambili anampenda baba yake na anamwogopa, vyote kwa pamoja, na mwandishi hamlazimishi achague moja kati ya hayo mawili mapema. Ukimya unaanza kulegea anapopelekwa Nsukka kwa shangazi yake, Ifeoma, mwalimu wa chuo kikuu, katika nyumba ndogo yenye chakula haba na kelele nyingi, ambamo watoto wanaruhusiwa kubishana na mama yao mezani. Hakuna anayemkalisha Kambili na kumwambia afunguke. Anakaa jikoni, anafundishwa kutayarisha mboga, anakejeliwa na binamu yake Amaka, mpaka siku shangazi anapomwambia amjibu mwenziwe, naye akajibu. Kurasa nyingi zinapita kabla ya neno hilo moja kutoka, na muda huo ndio ninaoutafuta katika kitabu cha mtoto wa namna hii. Kaka yake, Jaja, anachukua njia nyingine: siku ya Jumapili ya Matawi anakataa kwenda kupokea komunyo mbele ya baba, na nyumba nzima inatikisika. Kitabu kimoja kinakupa wahusika wawili wa mlango mmoja, mmoja akimeza na mwingine akikataa, na msomaji anaona kwamba watoto wa baba mmoja hawalazimiki kuumia kwa namna moja.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba wasichana wa hapa, karibu wote Waislamu na waliopita madrasa, wangekwama katika nyumba ya Kikatoliki yenye rozari na padri. Hawakukwama. Walimtambua baba kabla ya kuitambua dini yake. Tatizo la kweli ni lugha, kwa kuwa kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kina maneno ya Kiigbo, hivyo mwanafunzi ambaye Kiingereza chake bado ni kizito atahitaji mtu wa kusoma naye sura mbili za kwanza.

Upande wa pili wa ukimya ni mazungumzo, na hapo nampeleka msomaji kwa Umulkheri, au Umu, katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Nakala zake bado zimejaa majumbani, kwa kuwa kilikuwa kitabu cha lazima cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kuanzia mwaka 2018, na uwingi huo ni faida na hasara. Faida ni kwamba hununui. Unaazima kwa jirani. Hasara ni kwamba nakala nyingi zimepigiwa mistari ya "taswira" na "kinaya" kila ukurasa, na kijana anayeichukua anafungua karatasi ya mtihani kabla hajaifungua hadithi. Ukiweza, mtafutie nakala safi.

Umu anaachwa na mama, anafiwa na baba, kisha mfanyakazi wa nyumbani aitwaye Sauna anawaiba wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko. Msichana wa umri wake angeweza kuanguka hapo hapo. Umu anakwenda polisi kupiga ripoti. Anaondoka kwenda mjini. Anasaidiwa na Hazina, kijana ambaye zamani alikuwa ombaomba na yeye Umu akampa pesa. Namna yake ya kukabiliana na msongo ni kutenda: kila anapozibiwa njia anabisha mlango mwingine. Lakini mahali kitabu kinapofanya kazi ambayo sijaiona kwingine ni shuleni, anapokutana na wasichana wenzake, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, na kila mmoja akaeleza yaliyompata. Mmoja ametoka kambi ya wakimbizi wa ndani, mwingine amempoteza mama aliyeonekana mgeni katika ukoo wa mumewe, mwingine alipata mimba akiwa shuleni akaishia mitaani, mwingine alilelewa bila kumjua baba akafanya kazi ya kuchuma majani chai. Hakuna mtu mzima anayetoa hotuba kati ya hadithi na hadithi. Wanasikilizana kwa zamu, basi.

Sura hiyo nimeisoma na kundi la wasichana kutoka upande wa bara wa kaunti yetu waliokuwa wakisoma bweni hapa kisiwani. Walikuwa watoto wadogo wakati wa mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na baadhi yao walikumbuka kulala nje na kuhama kabla ya kukumbuka jambo lingine lolote. Wa kisiwani walikumbuka miezi ya kafyu iliyofuata, na baba zao wavuvi waliozuiwa kuingia baharini usiku, na sufuria iliyopungua. Tulipomaliza kusoma maelezo ya Kairu sikuuliza swali. Walianza wenyewe, na mimi nikatoka nje kupika chai, nikakawia kwa makusudi.

Kwa hiyo ungedhani ningempa yule binti wa Langoni Chozi la Heri, na kwa kweli ndicho nilichompa kwanza. Alikirudisha wiki ya pili, hakukimaliza. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa bado alikuwa hasemi, kwamba wamo watu wengi na wote wanalia. Nilikuwa nimekosea. Kitabu cha kundi kinamfaa kijana ambaye tayari anatafuta kundi, aliye na maneno na hana pa kuyaweka. Aliyefunga mlango kwanza anahitaji mwenzake mmoja aliyefunga mlango. Nilimpa Kambili, na hakukirudisha kwa miezi miwili.

Wavulana wangu hawanyamazi sana, wanaondoka. Kila mwaka husikia mmoja aliyevuka asubuhi kwenda Mokowe, upande wa bara, kwa boti ya abiria, akapanda basi la Malindi au Mombasa na begi la shule lisilo na kitabu ndani, bila kumuaga mtu. Kwa ajili yao naweka pamoja riwaya mbili za Kiswahili zinazomhusu kijana anayeondoka nyumbani, nazo haziendi mahali pamoja.

Ya kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Kongowea Mswahili, anayetusimulia mwenyewe, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, Zainabu Makame. Amezaliwa nje ya ndoa, hamjui baba yake, na mama anapofariki anabaki mikononi mwa jamaa. Kongowea ana mambo mawili ya kumshikilia. La kwanza ni lugha: anakipenda Kiswahili, anakiandika vizuri kuliko wenzake, na kalamu inampa heshima ambayo nasaba imemnyima. La pili ni safari yenye mwelekeo, kwa kuwa anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba. Anateseka njiani, anadanganyika, anakosea watu, lakini kila siku anajua anatafuta nini. Kijana wa pwani akiisoma anasikia Kiswahili chake mwenyewe kikiwa mali, na hilo peke yake nimeliona likimnyoosha mgongo mvulana aliyekuwa akiitwa majina kwa sababu ya baba asiyejulikana.

Ya pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Maimuna ni binti wa Bwana Maksuudi, mtu wa fedha na cheo, ambaye nje anafanya atakavyo na ndani amemfungia mke na binti. Msichana huyu anakua akiijua dunia kupitia dirishani. Mlango unapofunguka kwa fujo anatoka, lakini hana anachokijua cha huko nje, na waliomwonyesha njia wana hesabu zao na baba yake. Anaishia kwenye baa, katika ulevi na katika mikono ya wanaume, akiamini kwa muda mrefu kwamba kelele ile ndiyo uhuru. Said Ahmed Mohamed hamharakishi. Tunauona uzuri wake ukisifiwa, kisha ukizoeleka, kisha ukichakaa, na ni baada ya kuanguka sana ndipo njia ya kurudi katika maisha inapoonekana.

Ukizilinganisha, zote mbili zinakubali kwamba kuondoka wakati mwingine ni lazima, na mzazi asiyetaka kijana asome hivyo asizitoe. Tofauti yake iko katika kile kijana anachobeba anapotoka. Kongowea ana swali na ana kipaji. Maimuna ana hasira tu, tena hasira ya haki. Mvulana au msichana aliyekwishaanza kuvuka Mokowe mpe Kongowea, kwa kuwa hutaweza kumshika kwa kumtisha, ila unaweza kumsaidia aitafutie safari yake jina. Utengano ninampa kijana aliye nyumbani bado, hasa msichana anayebanwa kupita kiasi, na siku hiyo hiyo namwomba mama yake aisome. Nimewahi kumpa msichana peke yake bila mzazi kujua, na mama akaikuta chini ya mto, akasoma kurasa za baa tu, akaja kwangu amekasirika. Alikuwa na haki ya kujua. Ina mambo ya zinaa, na mtu mzima anayeitoa awe ameisoma yote kwanza.

Kuna wanaolimaliza jambo ndani ya mwili. Katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, ya mwaka 1988, Nyasha ni binti wa mwalimu mkuu wa shule ya misheni huko Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Alikaa Uingereza akiwa mdogo, amerudi hana pa kusimama kati ya pande mbili, na baba yake anadai amalize chakula mezani kama anavyodai atii katika mengine yote. Nyasha anakula mbele ya baba, kisha anakwenda kukitapika. Anasoma usiku kucha. Anakonda mbele ya macho ya watu wanaompenda. Anapovunjika kabisa na kupelekwa mjini, daktari wa akili wa kizungu anasema kwamba Waafrika hawaugui namna hiyo. Sentensi hiyo nimeirudia mbele ya wazazi mara nyingi, kwa sababu sisi wenyewe huisema kwa maneno yetu: mtoto wa Kiislamu hapati hayo, mtoto wa Kiswahili hana mambo hayo, ni jini, ni jicho, ni deko. Nyasha ndiye mhusika ninayempa mwanafunzi bora wa darasa, yule ambaye hakuna anayemwulizia kwa sababu alama zake ni nzuri. Sharti moja: kama mtoto mwenyewe tayari anajinyima chakula au anajitapisha, aende hospitali kwanza. Kitabu kinaweza kumfunza namna ya kuficha.

Kwa upande wa unga, yaani dawa za kulevya, ambao umewachukua vijana wengi wa Lamu na Malindi hata hakuna mtaa usio na jina la kumtaja, riwaya ninazozijua ni chache. Narudi kwa Dick, mdogo wake Umu, anayeangukia mikononi mwa mtu aitwaye Buda na kulazimishwa kubeba dawa za kulevya. Ni mtoto anayetumiwa na anayejua kwamba anatumiwa, na baadaye anachomoka, akaanzisha kazi yake ya halali. Wavulana wanampenda kwa sababu mwandishi hamfanyi shetani. Kasoro yake ni kwamba kuchomoka kwenyewe kunapita haraka mno, na vijana walio na ndugu aliyejaribu kuacha wanaona mara moja kwamba kuna kurasa zilizorukwa. Mmoja aliniambia kwamba kaka yake ameacha mara nne. Sikuwa na riwaya ya kumpa kwa hilo, tulizungumza tu.

Kuhusu Holden Caulfield wa The Catcher in the Rye, kitabu cha J. D. Salinger cha mwaka 1951 kinachotajwa kila panapozungumzwa vijana wenye msongo, sitakawia. Ana miaka 16, mdogo wake amekufa, na usiku wa kifo hicho alivunja vioo vya gereji kwa ngumi. Humo ndani kuna ukweli kuhusu mvulana anayeonyesha msiba kwa dharau na hasira, na kuhusu dada mdogo anayemsikiliza wakati wakubwa wameshindwa. Lakini maneno ya mtaani ya New York ya wakati ule yanawachosha wasomaji wangu kabla hawajaufikia msiba. Mpe mvulana mkali, mwenye Kiingereza kizuri, aliyefiwa. Wengine waache.

Nimemwacha Rosa mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa kutumiwa shuleni nchini Tanzania. Rosa anakulia kisiwani Ukerewe, binti mkubwa wa Zakaria, baba mlevi. Anapoandikiwa barua na mvulana, baba anampiga vibaya. Kuanzia hapo Rosa anawaogopa wanaume kwa miaka, shuleni wenzake wanamcheka kwa woga huo, na woga unapokatika unakatika wote kwa mara moja: anajitupa kwa kila mtu kama aliyefunguliwa kamba. Hakuna aliyemfundisha hatua za katikati. Hana shangazi Ifeoma, hana wasichana wa kukaa nao kwa zamu, hana kalamu ya Kongowea. Mwishoni, anapokataliwa na mwanamume aliyetaka kumwoa, anajitoa uhai.

Katika riwaya zote nilizozitaja, naamini hakuna inayoonyesha kwa usahihi zaidi namna pigo moja la nyumbani linavyotembea na mtoto miaka kumi. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe na aliijua nyumba anayoisimulia. Hata hivyo simpi kijana aliye chini kwa wakati huo. Kitabu hakimpi Rosa msikilizaji wala muda, na msomaji aliye katika giza lile lile anaweza kuuona mwisho ule kuwa mlango. Kama unashuku kwamba mtoto wako ana mawazo ya kujidhuru, weka riwaya zote kando na umuulize waziwazi, kwa maneno ya kawaida, kama anafikiria kufa; kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kijana aliye imara, wa kidato cha nne au aliyekwishamaliza, anaweza kuisoma Rosa pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Lakini msomaji ninayemtafutia Rosa Mistika zaidi ni mwingine. Mwaka jana nilimpa baba, mvuvi wa makamo, aliyekuja kuniuliza ni vitabu gani ninavyompa binti yake, na kwa sauti ile nilijua kwamba tayari ameshamchapa kwa ajili ya simu aliyokutwa nayo. Nilimwambia kwamba nitamwonyesha vyote, ila aanze na hiki, kwa kuwa ni kifupi na kinamhusu baba. Alikichukua kwa shaka.

Alikirudisha baada ya wiki tatu, kimefungwa ndani ya gazeti ili kisilowe mashuani. Alisimama pale kwenye daka akasema jambo moja tu, kwamba yule Zakaria alimpiga mtoto kwa sababu aliogopa. Nikamwambia akae. Alikaa mpaka adhana ya magharibi, na katika muda wote ule hatukumtaja Rosa tena; alikuwa akinieleza jinsi binti yake alivyokuwa akimsubiri gatini, zamani, akihesabu matanga.